Jiko Lisilokuwamo Kwenye Ramani

Tunduma,
3 Machi 2024

Wifi yangu Atuganile,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku hatujambo, tukiacha vumbi. Foleni ya malori ya kuvuka mpaka imefika hadi mbele ya duka langu, madereva wameanika nguo zao kati ya gari na gari kama wamehamia, na mimi nauza vitenge huku nakohoa. Kikohozi changu unakijua, ni cha urithi, hakina dawa. Juzi nilikohoa kanisani, mama mmoja wa kwetu Ileje akageuka akasema, "Nilidhani marehemu baba yako amefufuka!" Nikamwambia asubiri parapanda kama wenzake. Binti yangu Ikupa amejifungua salama, mtoto wa kike, ana makelele.

Sasa jambo lenyewe. Unajua mji wa baba utafunguliwa mwezi wa nane kuwa Makumbusho ya Mzee Yonasi, na unajua mimi ndiye katibu wa kamati. Ni makumbusho ya wazi, wifi. Hakuna jengo moja lenye vitu vya kuwekwa kwenye kioo. Mgeni anatembea nje, nyumba hadi nyumba, tanuru la chuma, ghala, kibaraza cha baba, mpaka kisimani. Na hatembei kama kuku. Anaongozwa na ramani ya kwenye simu yake. Yeye akitembea, kidoti kinatembea naye, akigusa picha ya ghala, simu inamweleza habari za ghala. Nchi za watu wameanza zamani. Sisi tutakuwa wa kwanza Ikinga.

Nakuomba mawili, maana wewe ndiye unayeishi hapo. Fundi wetu ni Bwana Ashraf, mwenye duka la simu karibu na stendi. Akija, chukua simu yake utembee nayo kutoka getini hadi kisimani kama unavyotembea siku zote. Njia itajichora yenyewe kwa nyayo zako. La pili, tunataka sauti ya mama wa palepale nyumbani imkaribishe mgeni. Utasema, "Karibuni katika Makumbusho ya Mzee Yonasi." Basi. Maneno sita, hata kasuku anayaweza.

Barua ya majibu mpe Osward, dereva wa ile Noah ya abiria. Usipige simu, nina vikao.

Wifi yako mwenye mji,
Nesta


Ikinga,
19 Machi 2024

Wifi yangu Nesta, mheshimiwa katibu,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Umefanya vizuri kuandika. Kwenye simu ukishindwa hoja unasema mtandao unakatakata, lakini kwenye karatasi huwezi kunikatia.

Sisi wazima. Mvua inanyesha, mahindi yanakua, nyani wanakula. Mbuzi wako uliyeniachia amezaa mapacha, na mmoja amechukua tabia zako, anapanda juu ya kila kitu halafu analia ashushwe. Hongera kwa mjukuu. Na mwenzangu Danieli je? Kaka yako yuko Nakonde, wewe uko Tunduma, kati yenu ni kuvuka barabara tu. Mwambie bati la choo limepeperuka.

Makumbusho yenu yanaendelea. Zile nyumba za asili mnazojenga zimefika kwenye lenta, juu ya milango. Mimi nilidhani babu zetu walijenga kwa mianzi na udongo, kumbe walikuwa na tofali za bloku na nondo, ila walituficha. Fundi amepiga plasta ya saruji, sasa anaipaka rangi ya udongo. Nikamuuliza, kwa nini usipake udongo wenyewe, si huo umeukanyaga? Akasema udongo wenyewe kwenye picha hauonekani kama udongo. Nikaenda zangu kuchota maji.

Bwana Ashraf alifika. Ni mtu wa watu, anasalimia mpaka kuku. Nilimpa chai, nikafunga simu yake kwenye ncha ya kanga, nikajitwisha ndoo nikatembea kutoka getini hadi kisimani, kama ulivyoagiza, kama siku zote. Niliporudi akaitazama simu, kisha akanitazama mimi, akauliza, "Mama, hii ndiyo njia yako ya kila siku?" Nikamwambia ndiyo, imefanyaje? Akasema haikufanya kitu.

Kuhusu kusema yale maneno, sitaweza. Nina jino.

Wifi yako mwenye kukaa mjini mwako,
Atuganile


Tunduma,
14 Aprili 2024

Wifi yangu,

Pole na jino. Huku tunamshukuru Mungu, Ikupa anaendelea vizuri, mtoto anakesha na sisi tunakesha naye. Kikohozi kipo, hakijahama.

Wifi, umeniaibisha. Bwana Ashraf alileta ramani kwenye kamati, akaiwasha ukutani kubwa kama shuka, watu wote wakaona ulivyotembea. Kutoka getini umekwenda vizuri kabisa. Ukikaribia kibaraza cha baba, ghafla unakata kushoto, unazunguka nyuma ya jiko lako, unaingia kwenye migomba, unapotea humo, unaibukia upande wa zizi, ndipo unakumbuka kwamba ulikuwa unakwenda kisimani. Mwenyekiti, Mzee Ezron, akauliza kwa upole kama huyo mama hunywa. Nilikutetea. Nikasema huyu ni wa kwaya, labda alikuwa anatafuta noti.

Mimi nimezaliwa pale, Atuganile. Getini hadi kisimani ni njia moja iliyonyooka, inapita mbele ya kibaraza cha baba puani kabisa. Nimeikimbia nikiwa na meno ya utoto. Hakuna kona. Ulikuwa unakwepa nini? Nijibu, maana naulizwa.

Hata hivyo usihangaike, mfumo umeshanyoosha. Kompyuta zina akili siku hizi, zikiona mtu amepotea zinamrudisha njiani.

Jino likipona unijulishe, sauti bado tunaihitaji. Mgeni atabonyeza, wewe utasema jina la makumbusho, kazi imekwisha. Kwani ni kuzaa?

Wifi yako,
Nesta


Ikinga,
12 Mei 2024

Wifi yangu Nesta,

Amani iwe kwako. Barua yako imechelewa kunifikia kwa sababu Osward aliiweka chini ya kiti cha Noah ikasafiri Itumba kwenda na kurudi mpaka ikachakaa. Aliponipa ilikuwa wazi. Anasema imefunguka yenyewe kwa joto. Kisha akaniambia, "Pole na jino, mama." Sasa abiria wote wa Noah wanalijua jino langu, na wananishauri karafuu.

Swali lako. Siku ile kulikuwa na siafu njiani. Umeridhika?

Sasa na mimi nikupe habari za ramani yako, maana nadhani hukuletewa. Wiki iliyopita walikuja wanachuo wa utalii kuijaribu, wote wameshika simu mbele ya uso kama wanabeba uji wa moto. Nilikuwa jikoni nachochea maharage. Mara nasikia kishindo ukutani, puu! Mianzi ikatikisika, masizi yakaniangukia kichwani. Nikatoka. Kijana wa watu amesimama anashika paji la uso, anatazama simu, anatazama ukuta, anatazama simu. Akaniambia, "Shikamoo mama. Samahani, hapa hapana kitu." Nikamwambia marahaba, hapa pana jiko. Akanionyesha simu kwa heshima zote. Wifi, nikaona. Njia yenu nyeupe imekuja imenyooka kama rula, imeingia ukutani kwangu, imepita juu ya mafiga, imetokea mlangoni. Jiko halipo. Kuna kibaraza, kuna ghala, kuna tanuru ambamo hakijachomwa chuma hata cha sindano, ila jiko langu limelimwa.

Mwingine akafuata mstari mpaka ndani akaingiza kiatu kwenye maharage. Nilimwosha kiatu, nikala maharage.

Njia ya mbele ya kibaraza unayoisema wewe ilikuwepo, sikatai. Jiko limekaa hapo kwenye kona yake tangu wewe umeolewa Tunduma, na njia yako ya utotoni imelala chini ya mafiga yangu. Mwambie huyo mfumo wako mwenye akili aje anirudishe mimi njiani.

Danieli hukunijibu. Jino linauma.

Atuganile


Tunduma,
9 Juni 2024

Wifi yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo wa Kristo. Sisi ni wazima. Biashara imepoa, upande wa Zambia kwacha inacheza, wateja wanagusa vitenge wanaondoka.

Nikwambie taratibu, na usipandishe. Kamati imekaa. Ramani imeshasambazwa, imeshachapwa hadi kwenye bango la getini, na mgeni rasmi ameshaonyeshwa. Njia imeonekana inapita hapo. Kwa hiyo jiko litatoka. Litavunjwa kabla ya mwisho wa mwezi wa saba, na wewe utajengewa jingine nyuma ya zizi, la bloku, la bati, lenye bomba la moshi. Watu wanaomba Mungu wapate jiko la hivyo.

Usiniambie habari za historia. Nimeisimamia orodha ya majengo mimi mwenyewe. Kibanda kile si cha babu wala cha baba. Ni kazi ya kaka yangu Danieli, alikijenga nikiwa nimeshaondoka, na Danieli hata mlango wa banda la kuku hajawahi kuupatia. Kwenye orodha kimeandikwa "kibanda kisicho na historia". Siwezi kuweka kamati nzima njia panda kwa ajili ya masizi.

Mimi ndiye mtoto wa Mzee Yonasi, na jina ni la baba yangu. Nataka mtu akiingia getini atembee mbele ya baba yangu kwa heshima, moja kwa moja, asizungushwe kwenye migomba kama mwizi wa mkungu. Kama una sababu ya kweli, niandikie. Siafu hawakai njiani mwaka mzima.

Wifi yako,
Nesta


Ikinga,
23 Juni 2024

Nesta,

Salamu utazichukua kwenye barua iliyopita.

Sababu ya kweli unaitaka, basi kaa chini, mpe mtu mwingine mita ya kupimia vitenge. Nimechoka kutafuta magonjwa. Jino sina. Siafu hawakuwepo. Napinda kwa sababu ya mkwe.

Najua utakalosema. Amekufa siku nyingi. Najua pia kwamba alisimama kanisani, mzee wa kanisa na koti lake, akatangaza kwamba mambo ya wakamwana kuwakimbia wakwe yamepitwa na wakati. Aliyasema kanisani. Nyumbani hakuniambia, kwa sababu nyumbani hakuwahi kuniambia neno hata moja, na mimi sikumwambia. Jina lake sijawahi kulitamka. Hapa pia siliandiki, na wewe unaniomba nilibonyezee wageni kwenye simu! Kanisani wakisoma habari za yule nabii aliyemezwa na samaki, mimi huinama nafunga kiatu, maana majina yao yanafanana. Mchungaji anadhani viatu vyangu vibovu. Krismasi iliyopita aliniletea vingine.

Wewe ni binti, ulipita mbele ya kibaraza ukiruka kamba. Sisi tulioolewa humo tuna njia yetu. Mama yako aliipita kwa ajili ya mkwe wake, na mimi alinionyesha siku ya kwanza kabla hajanionyesha mahali pa kuni. Alisema, "Mkwe anakaa pale, sisi tunapita huku." Hukuiona hiyo njia? Chakula chako chote kilipita humo, tangu ulipoachishwa ziwa hadi ulipoolewa. Ulikuwa unagomba kila siku kwamba kinakufikia kimepoa. Hukuuliza kimetembea wapi.

Na yeye alinikwepa mimi, wifi. Akitoka shambani, kabla ya kona ya migomba, alikuwa anakohoa. Anakohoa, anasimama. Mimi napisha. Ndipo anapita. Katika mji ule kila mtu alikuwa na neno lake la kunitupia, wewe ukiwa wa kwanza, ugali wa Atuganile mbichi, Atuganile hazai upesi. Yeye peke yake alisimama nje na jembe begani, wakati mwingine mvuani, akisubiri mkamwana amalize alichokuwa anafanya.

Sasa jiko. Mwaka Danieli alipovuka mpaka akakaa huko, nilikuwa napikia nje, ubavuni mwa nyumba kubwa, karibu na kibaraza, maana jiko la mama yako lilikuwa limeanguka. Kila mkwe akikohoa, nabeba sufuria nakimbia nayo. Siku moja uji ulinimwagikia mguuni. Kovu unalijua, ulikuja kunitazama ukasema ni uzembe. Yeye hakusema kitu. Kesho yake akaenda kukata mianzi. Mzee mwenye magoti yale, akashuka bondeni mara kwa mara, akafuma kuta mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Alilijenga hapo kwenye kona kwa makusudi, juu ya njia yenyewe, mlango unaangalia migomba, na upande wa kibaraza ukuta mtupu usio na tundu, ili mimi nipike bila kukimbia na yeye akae bila kukohoa. Mwisho akaingiza mafiga, akayapanga, akajifuta mikono akaondoka. Sikumshukuru. Ningemshukuru kwa mdomo upi? Nilipika.

Danieli hajawahi kufuma hata kikapu. Ulijuaje kwamba ni Danieli? Hukuuliza. Ukaandika kwenye orodha.

Mnajenga nyumba za uongo za mzee kwa saruji, mnazipaka matope ya kopo, na kitu pekee kilichobaki cha mikono yake mnakivunja ili ramani isipinde. Mkija na nyundo mtanikuta ndani. Nakwambia mapema ili usije ukasema mtandao ulikatika.

Atuganile


Ikinga,
14 Julai 2024

Nesta,

Umenyamaza. Osward anaapa kwamba barua alikupa mkononi, na kwamba uliisoma umesimama, ukafunga duka mchana.

Vijana wa kamati wamekuja wakapiga X nyekundu kwenye ukuta wa jiko, upande wa kibaraza. Kubwa, inaonekana toka barabarani. Bwana Ashraf alikuwa nao. Hakutaka kunitazama usoni. Nilimpa chai hivyohivyo, nikamuuliza kuhusu ule mfumo wenye akili unaonyoosha njia za watu waliopotea. Akasema, "Mama, mfumo haunyooshi kitu. Mfumo unanyooshewa." Nikamuuliza na nani. Akasema chai ni nzuri.

Nimehamishia kitanda jikoni.

A.


Tunduma,
28 Julai 2024

Wifi Atuganile,

Salamu. Barua zako mbili ninazo. Nilikuwa na vikao.

Habari za mfumo tusizungumze.

Nimekasirika, nikwambie wazi, na sijui nimkasirikie nani. Yule alikuwa baba yangu. Nimekaa naye kibarazani tangu sijajua kuvaa viatu, nimemshika mkono akikata roho. Alinisemesha kila siku ya Mungu, na zaidi ya nusu ilikuwa ni kunigombeza. Halafu nasikia uzeeni alishuka bondeni na magoti yale kukata mianzi, akafuma nyumba nzima, akampa mtu ambaye hakumpa hata "habari za asubuhi". Mimi alinijengea nini? Nimelia, wifi. Wivu unauma hata ukiwa na wajukuu.

Na kile kikohozi! Miaka yote ile mimi namnunulia baba dawa ya kifua. Nasafiri nayo kutoka Tunduma, chupa juu ya chupa, nasisitiza kijiko asubuhi na kijiko jioni, na yeye anapokea kwa mikono miwili anasema, "Ahsante mwanangu, naona kinapungua." Kinapungua! Alikuwa hana kitu kifuani! Alikuwa anapiga hodi! Na mimi nikatembea nchi nzima najisifu kwamba nimerithi kikohozi cha baba. Kumbe mgonjwa ni mimi peke yangu.

Danieli nilimwona. Mzima, amenenepa. Habari nyingine za huko Nakonde waache wenye kuzitaka waziandike. Bati la choo nitalileta mimi.

Sasa nijibu upesi, mpe Osward aje nayo leo hii na umwambie nikikuta imefunguka nitaifunga Noah yake. Alikuwa anakohoa mara ngapi? Kwa nguvu au taratibu? Na akishakohoa alisubiri kiasi gani kabla ya kupita? Bwana Ashraf anauliza. Wewe usiniulize kwa nini, nami sitakuuliza habari za siafu.

Nesta


Ikinga,
30 Julai 2024

Nesta,

Mara mbili. Cha kwanza kikavu, cha pili kirefu kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo akaghairi. Kisha anasubiri kiasi cha mtu kuweka mwiko, kujifunga kanga na kutoka.

Kitanda bado kiko jikoni.

Atuganile


Ikinga,
18 Agosti 2024

Wifi yangu Nesta,

Bwana Yesu asifiwe sana. Sisi huku wazima. Mbuzi wako mwenye tabia zako alipanda meza kuu baada ya nyie kuondoka, akala maua na nusu ya hotuba ya Mzee Ezron. Bati la choo limekaa vizuri. Mbusu mtoto wa Ikupa.

Siku ya ufunguzi hatukupata kusema. Wewe ulikuwa na itifaki, mimi nilikuwa na maharage. Basi niseme sasa.

Ile X vijana walikuja kuifuta usiku wa kuamkia sherehe wakashindwa, wakaipaka rangi ya udongo ya kopo. Kwa hiyo na jiko langu sasa ni la asili.

Nilikuwa ndani nachochea kama mlivyoniagiza, nikawa nachungulia kwenye tundu lililoachwa na kichwa cha yule mwanachuo. Nikaona msafara unaingia getini. Mgeni rasmi na suti yake, wachungaji, walimu, watu wa Itumba, wote simu mkononi. Wanakuja moja kwa moja, wanakuja, nikasema haya, ndiyo wananijia. Mara mgeni rasmi akatazama simu, akasimama, akakata kushoto. Wote wakakata kushoto! Wakazunguka nyuma ya jiko, wakaingia kwenye migomba na viatu vyao vya kung'aa, mchungaji akanasa koti, mama mmoja akapoteza kisigino, wakaibukia upande wa zizi wanahema. Wifi, nilicheka mpaka nikakaa chini. Wanaume wazima, wenye vyeo, wote wamekuwa wakamwana wa ukoo wenu. Ningekuwa na mahari ningewatolea.

Wewe peke yako hukupinda. Ulipita ubavuni mwa jiko, ukaenda ukakaa kwenye kibaraza, ukanyoosha miguu kama zamani. Nilikuona. Ni haki yako, sina neno.

Lakini kuna jambo ungeniambia mapema. Hukunionya kwamba kwenye ile kona ya migomba umeweka kidoti, na kwamba kidoti kina sauti. Nilikuwa nimerudi kwenye sufuria. Nasikia nje wanasogea, wanabonyeza. Mara nikasikia. Cha kwanza kikavu. Cha pili kirefu kidogo. Halafu kimya.

Ni wewe, najua ni wewe, ni kifua chako cha vumbi la malori. Nilikuwa najua hata wakati huo. Nesta, niliweka mwiko chini. Nikajifunga kanga, nikatoka kwa mlango wa migomba, nikasimama pembeni nimeinamisha kichwa, mpaka wote walipokwisha kupita na mpaka kimya kile kilipokwisha. Hakuna aliyeniona ila Bwana Ashraf, na yeye alitazama juu. Nimelia wifi, na sioni aibu kukuandikia. Kwa mara ya kwanza nikamshukuru, kimoyomoyo, bila jina.

Maharage ya mgeni rasmi yaliungua. Alisema yana ladha ya asili.

Krismasi njoo nyumbani, na usije na kamati. Pita mbele, ukae kibarazani kwa baba yako. Nitapika humohumo jikoni, nitakuletea kwa njia yetu, na kitakufikia kimepoa.

Wifi yako,
Atuganile